Injini Aliyoifunga kwa Mikono Yake

Fundi alilitambua lile geti kabla gari halijasimama. Lilikuwa limepakwa rangi mpya, kijani badala ya nyeusi, lakini bawaba ya juu ilikuwa imepinda vilevile kama miaka sita iliyopita. Binti huyo alivuta sanduku lake la vifaa karibu na miguu.

"Tumefika!" alisema mfamasia, amechangamka kama mtoto aliyepelekwa kununuliwa viatu. "Gari lenyewe lipo humu ndani."

"Humu?" Fundi aliuliza, macho yakiwa kwenye bawaba.

"Nilitaka nikushtukize, ndiyo maana sikukuonyesha hata picha. Si ulisema mwenyewe kwamba injini za turbo za zamani ndizo zinazokuamsha asubuhi?"

Ni kweli alisema. Alishamwambia mambo mengi mwanamume huyu, katika miezi kumi na mmoja aliyokuwa akileta gari lake gereji kwa magonjwa yasiyoisha. Walizoea kukaa juu ya matairi ya zamani wakipiga soga hadi chai ipoe. Lakini habari za nyumba hii hakuwahi kumgusia.

Dada yake mfamasia alizima gari na kuchomoa ufunguo. Alikuwa mkunga, miaka ishirini na mitano kazini, mwenye sauti kavu na macho yasiyopitwa na kitu. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake, na leo alikuja kwa shughuli moja tu: kuhakikisha hakinunuliwi kitu.

"Nasema tena mbele ya shahidi," alisema akimtazama Fundi kupitia kioo. "Mwanamume wa miaka thelathini na minane hanunui gari bovu la milango miwili eti alitengeneze polepole. Watoto atawapitishia wapi, dirishani?"

"Dada, sina watoto."

"Na kwa mambo haya, utawapata wapi?"

Fundi angeweza kusema wakati ule. Angesema tu, jamani, nyumba hii naijua, tugeuze. Lakini mfamasia alikwisha kushuka, anabonyeza kengele huku akijiweka sawa kola ya shati, na furaha iliyokuwa usoni mwake ilimfunga Fundi mdomo.

Mama mwenye nyumba alifungua mwenyewe. Nywele zilikuwa zimejaa mvi sasa, lakini shingo ilikuwa bado imesimama wima, ile shingo ya mtu asiyezoea kuambiwa hapana.

"Shikamoo, mama," walisema.

"Marahaba. Karibuni." Macho yake yalimpita mfamasia, yakampita mkunga, yakafika kwa Fundi. Yakashuka kwenye ovaroli, kisha kwenye mikono, na hapo yakatulia. "Na huyu?"

"Huyu ni fundi wangu," mfamasia alijibu kwa fahari. "Atakalosema yeye ndilo nitakalofuata."

"Ahaa. Fundi." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetoa unywele mdomoni. "Sidhani kama tumewahi kuonana."

Wote wawili walijua kwamba ni uongo. "Pengine hatujaonana, mama," alisema Fundi, na papo hapo akajichukia.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba. Mama alivuta turubai, vumbi likapaa, na gari likajitokeza: jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana, fupi, limelala chini, taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti kama macho yaliyofumbwa. Mfamasia alisimama akishika kichwa.

"Jirani yetu alikuwa nalo kama hili nilipokuwa sekondari," alisema polepole. "Kila jioni nilikuwa nalisikia likikata kona. Turbo ilikuwa inapiga mluzi, Fundi. Nilikuwa naacha kula ili niusikie."

"Na ulikuwa mwembamba kama kijiti," alisema dada yake. "Kumbe sababu ilikuwa hiyo."

Fundi hakucheka. Alifungua sanduku lake la vifaa, akajikaza kisabuni, akaanza kazi.

Hakuwahi kutafuta ubovu kwa njaa kama siku ile. Alipitisha sumaku ndogo juu ya bodi nzima, akitafuta mahali pasiponata, mahali palipozibwa kwa plasta na kupakwa rangi. Sumaku ilinata kila mahali. Alilala chini akagonga chesisi. Chesisi ikajibu kwa mlio mkavu wa chuma kizima. Alipata matairi yaliyokauka, mikanda yenye nyufa, mipira ya maji iliyokakamaa, na kutu kidogo chini ya mlango wa kushoto. Basi. Hakuna alichokiona cha kumfanya mtu mwaminifu aseme usinunue.

Kisha akainua boneti. Juu ya kila bolti ya injini kulikuwa na mstari mdogo wa rangi ya njano, alama ya fundi anayetaka kujua kwamba bolti imekazwa na haijaguswa tena. Mistari ile aliichora yeye, kwa brashi ya kupakia rangi ya kucha.

"Vipi, mgonjwa atapona?" mkunga aliuliza nyuma yake.

"Bado napima, dada."

"Injini ilifungwa upya yote," mama alidakia. "Mwanangu aliipeleka kwa wataalamu, gereji kubwa. Hakutaka wababaishaji."

Fundi aliinamia bolti. Mfamasia alikuwa anamwangalia, na katika kumwangalia kwake mlikuwa na swali. "Mbona umenyamaza leo? Kwa kawaida ungekuwa umeshaongea nalo."

"Nasikiliza," alisema.

Mama akakohoa. "Fundi, mikono imechafuka. Njoo unawe."

Halikuwa ombi. Fundi alimfuata hadi jikoni. Mlango ulipofungwa, mama aligeuka.

"Umekuja kuniharibia?"

"Sikujua ni hapa, mama. Naapa. Nisingekuja."

"Huyo bwana anajua?"

"Hajui."

"Na unampenda." Fundi alifungua bomba, maji yakamwagikia vidoleni. "Usihangaike kunificha. Anavyokutazama ndivyo mwanangu alivyokuwa akikutazama. Mimi nilikuwa silali kwa sababu ya kutazamwa kule. Sikumlea mtoto, nikamsomesha, aje alale na harufu ya oili."

"Maneno hayo ulishaniambia, mama. Nayakumbuka." Alifunga bomba. Kisha, kabla hajajizuia, swali likamponyoka. "Yuko wapi?"

"Ameoa huko huko ng'ambo. Watoto wawili, wa pili amezaliwa mwezi uliopita. Harudi. Amesema gari liuzwe."

Fundi alisubiri maumivu, kama mtu aliyesikia hatua za mgeni anavyosubiri hodi. Hodi haikupigwa. Kulikuwa na kitu kidogo tu, kama kubonyeza mahali palipowahi kuvimba, kisha kikapita.

"Sasa nisikilize," mama aliendelea, akishusha sauti. "Mwambie gari ni zima. Wachukue, waende, na mimi sitafungua mdomo wangu. Lakini ukimkatisha tamaa mteja wangu, yule dada mtu nitamkalisha chini. Nitamwambia kadi za harusi zilikwisha kugawiwa, na bwana harusi akaona heri apande ndege. Nimemwona yule dada. Si mwanamke wa kumpokea wifi aliyeachwa."

Kabla Fundi hajajibu, kutoka bandani ulisikika mngurumo.

Kwanza ulikuwa wa chini, wa injini inayoamka. Halafu ukapanda. Mtu alikuwa amekanyaga mafuta. Halafu juu ya mngurumo ukaja mluzi, mwembamba, mtamu, unaopanda kama swali, na Fundi akakumbuka. Kulikuwa na bati la kukinga joto, kando ya turbo. Alikuwa hajalifungua. Chini ya bati lile kulikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine duniani aliyekijua.

Hakujua alivyotoka jikoni. Alikumbuka baadaye kwamba aliangusha kiti.

"Zima!" alipiga kelele akikatiza uani. "Toa mguu! Zima gari! Zima!"

Mfamasia, aliyekuwa ndani ya gari, tabasamu limemjaa, alishtuka akazungusha ufunguo. Fundi alifika anahema, akamfungulia mlango, akamshika bega, akamtoa nje kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Kisha akashika spana. Bolti tatu, nne. Akang'oa bati.

"Tazameni."

Bomba dogo la shaba, jembamba kama penseli, lilipita juu ya ekzosi kwenda kwenye turbo. Katikati ya mkunjo wake palikuwa na ufa mfupi kama unywele, na kwenye ufa huo tone la oili lilikuwa linaning'inia. Lilidondoka. Lilipogusa ekzosi likatoa moshi.

"Shaba huchoka kwa mtikisiko," alisema Fundi. "Ungeendelea kukanyaga, lingepasuka. Oili yote ingemwagikia hapo, palipoiva kwa moto. Ungewaka nalo." Akamgeukia mfamasia. "Ungewaka nalo ukiwa ndani."

Mfamasia alikuwa anatazama pale tone lilipodondokea. Mkunga alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia. Lakini macho yake hayakuwa kwenye gari.

"Wewe binti," alisema taratibu. "Bati hili lilikuwa limefungwa. Nimesimama hapa muda wote nakutazama, hukulifungua. Ulijuaje kilichokuwa chini yake?"

Mama mwenye nyumba alikuwa amefika mlangoni mwa banda. Alimtazama Fundi bila kupepesa.

Jibu lilikuwepo tayari, fupi na rahisi. Uzoefu, dada. Angesema hivyo na wote wangemwamini. Fundi alimtazama mfamasia, jasho likimtoka kwenye paji, shati lake limechafuka begani kwa alama za vidole vya Fundi mwenyewe.

"Nilijua kwa sababu nililiweka mimi," alisema.

"Uliliweka wewe?" mfamasia aliuliza.

"Hakuna gereji kubwa. Injini hii niliifunga mimi, humu ndani ya banda hili, miezi mitano, kila jioni baada ya kazi. Bomba lenyewe halikupatikana, likaagizwa. Nikakunja hili la shaba lishikilie wiki mbili." Alivuta pumzi. "Mwenye gari alikuwa mchumba wangu. Zilibaki wiki tatu tufunge ndoa, akaondoka. Nikabaki na ujumbe wa mistari miwili. Na mimi, kwa aibu, sikurudi kulibadilisha. Miaka sita. Mtu angekufa kwa aibu yangu."

"Si kweli," ilisema sauti mlangoni.

Wote waligeuka. Mama alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Alirudi," alisema, na yale maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. "Alisimama getini na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akasema ni cha gari, ni cha hatari, nimruhusu dakika kumi. Nilidhani ni kisingizio cha kumtafuta mwanangu. Sikumfungulia." Alitazama lile bomba. "Na kila mwezi namwita jirani aje aliwashe."

Fundi, aliyekuwa ameamua kumfichia siri hiyo, alishangaa kuona kidevu cha mwanamke yule kikicheza. Kwa miaka sita alikuwa ameyaandaa maneno ya kumwambia siku watakapoonana. Sasa aliyaacha, akalilaza lile bati chini.

Mfamasia alitoka bandani bila kusema kitu.

"Mfuate," mkunga alisema, akiwa bado juu ya ndoo.

"Amekasirika, dada."

"Akikasirika huwa anaongea. Akinyamaza hivyo anafikiri. Nenda kabla hajamaliza peke yake."

Alimkuta kando ya ukuta, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba.

"Ulikuwa unampenda?" aliuliza bila kugeuka.

"Sana."

"Na sasa?"

"Leo nimeambiwa ameoa, ana watoto wawili. Nikasubiri niumie."

"Ukaumia?"

"Kilichoniumiza ni kusikia injini ile na wewe umo ndani."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ungeniambia pale getini."

"Tungegeuza gari. Na ulikuwa na furaha sana."

"Usinichagulie cha kujua, Fundi." Haikuwa sauti ya juu, lakini ilimchoma. "Mimi nauza dawa. Mtu akinificha alichokunywa jana, leo naweza kumpa sumu kwa mkono wangu, na nia yangu ni kumponya. Nifiche chochote, lakini si kile kinachokuuma."

"Nisamehe."

"Haitatokea tena?"

"Haitatokea."

Mfamasia alijifuta jasho la paji. "Haya. Sasa nijibu kama fundi. Ninunue au nisinunue?"

Hapo ndipo alipobanwa kweli. Neno moja tu, na gari lile lingebaki chini ya turubai, lisionekane tena mbele ya macho yake maisha yote. Mfamasia mwenyewe ndiye aliyekuwa amesema kwamba atakalosema Fundi ndilo atakalofuata.

"Nunua," alisema. Neno lilimtoka kama jino. "Ningependa nikwambie ni chuma chakavu. Nimetafuta ubovu tangu tumefika, nikauombea uwepo. Haupo. Bodi ni nzima. Injini imefungwa vizuri. Bomba hilo libadilishwe, mipira, mikanda, matairi, na kutu ya mlangoni ikatwe. Ni kazi ya Jumamosi za mwaka mzima. Lakini ni gari zuri."

Mfamasia alitikisa kichwa kukubali. "Basi nitalinunua. Ila wewe hutaligusa. Nitampelekea fundi mwingine."

"Unasema?"

"Sitaki uiname kila Jumamosi juu ya kitu cha mwanamume aliyekuacha. Yupo yule wa mtaa wa nyuma ya duka langu..."

"Yule?" Fundi alisikia damu ikimpanda. "Yule anayekaza bolti kwa nyundo?"

"Wanasema ni mzuri."

"Nani anasema? Waliokufa? Hakuna mtu atakayeifungua injini yangu! Sikiliza wewe bwana. Si kitu cha mwanamume yeyote. Yeye alitoa hela, basi. Hajui hata oili inatiwa wapi. Kila kilichokazwa mle nilikikaza mimi, na vidole vikavimba, na nikaumwa mgongo. Aguse mwingine uone!"

Sauti yake ilifika hadi nyumbani. Pazia la jikoni likatikisika. Mfamasia alikuwa anamtazama, na polepole mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu bandani, yakashuka.

"Na mimi je?" aliuliza. "Jumamosi zote hizo nitafanya nini?"

"Utanishikia taa. Na utanipa spana niliyoitaja, si unayoipenda wewe." Alikuwa bado amekasirika, na hasira ile ilimpa ujasiri. "Na lile gari lako jingine usiniletee tena. Halina ugonjwa wowote. Nimejua tangu mara ya nne."

Mfamasia aliinamisha kichwa. "Sikuwa na sababu nyingine ya kuja."

"Ulikuwa nayo. Hukuisema."

Mfamasia alimsogelea hatua moja.

"Nakupenda," alisema mfamasia. "Tangu ile siku uliponifukuza gereji kwa sababu nilikanyaga gasketi yako mpya. Ndiyo hiyo sababu."

Fundi alitazama mikono yake, nyeusi kwa oili, ambayo maji ya jikoni hayakuiondolea kitu. Akataka kuificha mgongoni. Alichelewa. Mfamasia aliishika yote miwili, akaikumbatia ndani ya yake, pale pale uani, pazia likiwa wazi.

"Na mimi," alisema Fundi, kwa sauti ndogo. "Lakini dada yako..."

"Dada yangu ana masikio," ilisikika sauti kavu. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni. "Tumenunua, hatujanunua?"

"Tumenunua," alisema mfamasia.

Mama mwenye nyumba hakubishana juu ya bei. Aliandika karatasi ya mauzo mezani, na kabla hajaweka sahihi alimuuliza Fundi, bila kuinua uso, kama gari linaweza kuondoka leo. Fundi alimwambia haliwashwi tena hata kwa dakika moja. Atakuja na lori la kulibeba Jumatatu asubuhi.

"Geti litakuwa wazi," mama alijibu. Hakuongeza lingine, na Fundi hakumdai zaidi.

Walipotoka nje mkunga alisimama kando ya gari lake, akazungusha ufunguo kidoleni.

"Nisikilizeni wote wawili. Gari lile sijalikubali. Na wewe binti, bado nakuangalia. Mtu aliyechumbiwa akaachwa ana hadithi ndefu, na nataka kuisikia yote, na kwako, si kwa jirani." Akaukamata ufunguo. "Lakini nimefanya kazi wodini miaka ishirini na mitano. Nimewaona wake na waume wakiitwa kwa haraka. Wengine huja wanatembea. Wengine husimama kwanza kujitazama kwenye kioo. Leo nimeona mtu akitoka jikoni akaruka ngazi zote tatu, na aliyekuwa ndani ya gari hata si mumewe."

Akafungua mlango wa abiria, akamtazama mdogo wake.

"Wewe kaa nyuma," alisema. "Huyu anakaa mbele na mimi. Njia ni ndefu, na nina maswali."